Kwa nini pikapu yenye fowili hukwama kwenye tope

Masika yakikolea, kwenye njia za udongo zinazotoka Arusha kuelekea Terrat na nyanda za Simanjiro, na kwenye zile zinazoshuka kutoka Moshi kuingia Chekereni na Kahe, huonekana jambo ambalo wengi hulishangaa: pikapu ya dizeli yenye injini kubwa na matairi mazima imezama hadi kwenye ekseli, ule mhimili unaounganisha magurudumu, ilhali fowili, yaani mfumo wa kuendesha magurudumu yote manne, imewekwa. Anayefika kusaidia huuliza kwanza, "Umeweka fowili?" Dereva hujibu, "Nimeweka, kaka, haitoki." Wote wawili huzungumza kana kwamba fowili ni nguvu ya akiba iliyofichwa ndani ya gari, ambayo ikifunguliwa lazima gari litoke. Kosa la msingi liko hapo. Fowili haizalishi mshiko. Kazi yake ni kupeleka nguvu ya injini kwenye ekseli ya mbele pia, ili mshiko uliopo chini ya magurudumu ya mbele usipotee bure. Pasipo na mshiko hakuna cha kugawa, na hata pale ulipo, zipo njia kadhaa ambazo gari lenyewe, kwa jinsi lilivyoundwa, hushindwa kuutumia.

Tuanze na nguvu ya injini, kwa kuwa ndiyo inayodhaniwa kupungua gari linapokwama. Chukua Land Cruiser pikapu, ile ambayo mitaani huitwa mkonga kwa sababu ya bomba la hewa lililopanda pembeni mwa kioo. Nyingi kati ya zinazofanya kazi kwetu zina injini ya 1HZ, ya silinda sita na lita 4.2, isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia injini hewa ya ziada), ambayo nguvu yake ya kuzungusha inafikia takriban Newton-mita 285 kwenye mizunguko 2,200 kwa dakika. Nguvu hiyo ikipita gia namba moja, kisha transfa (giaboksi ya pili, inayogawa nguvu mbele na nyuma) iliyowekwa kwenye L, yaani gia nzito, kisha difu, zile gia za katikati ya ekseli, huzidishwa zaidi ya mara 40 kabla ya kufika kwenye magurudumu. Ukipiga hesabu, na ukikubali kwamba sehemu yake hupotea njiani kwa msuguano wa gia, utaona kwamba magurudumu yanaweza kuisukuma ardhi kwa nguvu inayolingana na uzito wa gari zima likiwa tupu, yaani tani mbili na ushee. Lami kavu hupokea takriban asilimia 80 ya uzito ulio juu ya tairi kabla tairi halijateleza, lakini udongo wa mfinyanzi ulioloa unaweza kupokea sehemu ya tano tu, na mara nyingi chini ya hapo. Kwa hiyo injini ina nguvu mara nne au tano ya ile ambayo ardhi inaweza kuihimili, na dereva anapozidi kukanyaga mafuta, ziada yote huishia kuzungusha tairi mahali pamoja na kuchimba shimo. Pikapu mpya zenye tabo zimelikuza jambo hili: Hilux ya lita 2.8 yenye giaboksi ya otomatiki, tangu maboresho ya mwaka 2020, hutoa hadi Newton-mita 500. Nguvu hiyo inafaa sana kupandisha mzigo mlimani kwenye lami, lakini tope haliijali.

Ili kuelewa kwa nini haliijali, ni lazima kutazama udongo wenyewe. Mwaka 1776 mhandisi Mfaransa Charles-Augustin de Coulomb, aliyekuwa akishughulikia kuta za kuzuia udongo, alichapisha maelezo ambayo wahandisi wa barabara wanayatumia hadi leo: kwamba uwezo wa udongo kustahimili kukatwa una vyanzo viwili. Kimoja ni kunatana kwa chembe zenyewe. Cha pili ni msuguano baina ya chembe, ambao huongezeka kadiri udongo unavyokandamizwa. Mchanga hutegemea zaidi msuguano, ndiyo maana gari zito juu ya mchanga hupata pia mshiko mkubwa zaidi, ijapokuwa huzama. Mfinyanzi ulioshiba maji ni kitu tofauti. Tairi linapoukandamiza kwa haraka, maji yaliyomo hayapati nafasi ya kutoka, hivyo yanayobeba uzito wa gari ni maji, wala si chembe za udongo. Ni kama godoro lililoloa likiwa ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa: ukilikalia, unakalia maji. Chembe hazikandamizani, msuguano hauongezeki, na kinachobaki ni kule kunatana pekee, ambako hakubadiliki hata ukipakia magunia kumi ya mahindi. Hapa ndipo uzito unapogeuka kuwa hasara tupu, kwa sababu hauongezi mshiko lakini unaongeza kuzama, na tairi lililozama linapaswa kusukuma ukuta wa tope ulio mbele yake katika kila mzunguko.

Hata hivyo, tope si moja, na kwa maoni yangu madereva wengi hukosea kwa sababu walijifunzia kwenye tope la aina moja kisha wakalipelekea ujuzi huo tope la aina nyingine. Mimi huyagawa matope ya kwetu katika makundi mawili: tope lenye sakafu na tope lisilo na sakafu.

Tope lenye sakafu ndilo la miteremko ya Kilimanjaro, kuanzia Machame, Kibosho na Uru hadi Old Moshi na Marangu, pamoja na barabara ya ukingo wa Ngorongoro, kule juu kwenye ukungu. Udongo ni mwekundu, wa asili ya volkano, na hupitisha maji vizuri. Mvua ikinyesha, tabaka la juu hulainika na kuwa telezi kama sabuni, lakini chini ya tabaka hilo kuna ardhi iliyoshindiliwa na magari kwa miaka mingi, ambayo bado ni ngumu. Hatari ya hapo ni kuserereka: gari linapanda, mkia unaondoka, na tairi la nyuma linaingia kwenye mtaro au kuelekea kwenye kihamba cha mtu, yaani shamba lake la nyumbani, kilicho mita mbili chini ya barabara. Kuzama ni nadra. Katika tope la namba hii tairi jembamba ni rafiki, kwa sababu hulikata tabaka laini na kugusa sakafu. Zile 7.50R16 ambazo wengi huziona za kizamani, na ambazo Land Cruiser nyingi zinazofanya kazi za shamba bado huzivaa, hufanya vizuri kwenye barabara za Kibosho kuliko matairi mapana ya bei kubwa.

Tope lisilo na sakafu ndilo la mbuga. Udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi, hata mkono ukaweza kuingia kwenye ufa, unapatikana sehemu nyingi za nyanda za chini: Simanjiro, baadhi ya maeneo ya Monduli, na huko Ndutu ambako magari ya watalii hukwama wakati wa nyumbu kuzaa, miezi ya Januari na Februari. Mfinyanzi wake una madini yanayonyonya maji kati ya tabaka zake na kuvimba. Mvua za kwanza huingia kupitia nyufa hadi chini kabisa; kisha udongo unavimba, nyufa zinafunga, na maji yaliyoingia yanabaki humo kwa siku nyingi hata jua likiwaka. Ndiyo sababu mtu anaweza kuona uso mkavu wenye gamba, akaingia kwa kujiamini, na gari likavunja gamba hilo na kutitia. Udongo huo pia hunata: hujaza meno ya tairi, kisha nafasi iliyo kati ya tairi na madigadi, mpaka gurudumu linakuwa mpira laini wa tope usio na jino hata moja. Hapo tairi jembamba ni adui, kwa sababu linakata na kuendelea kukata bila kufika popote.

Umbo la pikapu ya dizeli linaongeza ugumu wake. Injini ya dizeli ni pande zito la chuma, na lote limekaa mbele. Nyuma kuna bodi tupu. Pikapu isiyo na mzigo huielemea ekseli ya mbele, nayo nyuma huwa nyepesi kiasi cha kuteleza kwa urahisi, hasa mlimani. Ukiipakia tani moja, karibu mzigo wote huangukia ekseli ya nyuma, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayozama kwanza. Desturi ya kuweka mifuko ya mchanga juu ya ekseli ya nyuma ili gari "lishike" ni sahihi kwenye tope lenye sakafu, kwa kuwa uzito unasaidia tairi kulifikia lile tabaka gumu. Kwenye mbuga desturi hiyo hiyo inazamisha. Kwa Land Cruiser pikapu kuna jambo moja zaidi: magurudumu yake ya nyuma yamekaribiana kuliko ya mbele, kwa sentimita kadhaa, hivyo hayapiti kwenye nyayo ambazo ya mbele yameshazikandamiza. Kila gurudumu linajichimbia mfereji wake, na injini inalipa gharama hiyo mara mbili.

Sasa tuingie kwenye difu, ambayo ndiyo kiini cha suala lote. Gari linapokata kona, gurudumu la nje hutembea umbali mrefu kuliko la ndani, kwa hiyo kila ekseli inayoendeshwa hupewa difu ili magurudumu yake mawili yaweze kuzunguka kwa kasi tofauti. Difu ya kawaida hufanya hivyo kwa sharti moja lisilobadilika: nguvu inayopeleka upande wa kushoto ni sawa na inayopeleka kulia. Watu husema kwamba difu hupeleka nguvu yote kwenye gurudumu linaloteleza, na kwa macho huonekana hivyo, lakini siyo. Gurudumu linaloteleza haliwezi kupokea nguvu kubwa kwa sababu halina kinachoipinga. Na kwa kuwa difu hulipa pande zote sawasawa, gurudumu lenye mshiko nalo hupata kile kiasi kidogo tu. Aliye dhaifu ndiye anayeamua kipimo cha wote wawili.

Mfano wa hesabu utasaidia. Tuseme gurudumu lililo kwenye ardhi nzuri linaweza kusukuma kwa nguvu ya kilo 300, na lililo kwenye tope kwa kilo 30, na gari linahitaji kilo 250 ili litoke. Ukiwa bila fowili, na gurudumu moja la nyuma likiwa kwenye tope, unapata 30 na 30, jumla 60, gari halitoki. Ukiweka fowili, na magurudumu yote mawili ya mbele yakiwa pazuri, unaongeza 600 za mbele na kupata 660. Gari linatoka bila shida, na dereva anaisifu fowili kwa haki. Lakini tope likiwa limekamata gurudumu moja la mbele na moja la nyuma, jambo ambalo ndilo la kawaida gari linapovuka shimo kimshazari au linapopita na upande mmoja kwenye mfereji, kila ekseli inatoa 60 tu, jumla 120. Gurudumu la mbele kulia na la nyuma kushoto yanazunguka kwa kasi, mengine mawili yamesimama kimya juu ya ardhi nzuri kabisa, na mshiko wa kilo 600 uliopo chini yake haufikiwi. Hali hiyo ndiyo inayowafanya watu waseme fowili imekufa. Haijafa, imefikia mwisho wa uwezo wake, kwa sababu fowili hufunga ekseli ya mbele na ya nyuma zizunguke pamoja, lakini haifungi gurudumu la kushoto na la kulia.

Kinachofunga kushoto na kulia ni loki ya difu. Katika mfano ule ule, loki ya nyuma peke yake inalifanya kila gurudumu la nyuma lisukume kadiri ardhi yake inavyoruhusu: 300 na 30, ukiongeza 60 za mbele unapata 390, na gari linatoka. Ukifunga na ya mbele, unapata zote 660, ila usukani unakuwa mgumu na gari linataka kwenda moja kwa moja, hivyo loki ya mbele ni ya kutumika kwa mita chache na kuondolewa. Loki huwekwa gari likiwa limesimama au likitambaa, kabla tairi halijaanza kuzunguka ovyo. Anayeiweka huku gurudumu moja likizunguka kwa kasi anaweza kuvunja shafti ya ekseli.

Hapa tena aina ya tope inabadilisha ushauri. Kwenye mbuga tambarare, mimi huweka loki mapema, kabla ya kuingia. Kwenye barabara ya mlimani iliyoinamia upande wa mtaro, ninaiogopa. Sababu ni kwamba gurudumu ambalo halizunguki kwa kuteleza lina kazi ya pili, nayo ni kuzuia gari lisiende upande. Difu ya kawaida inapoacha gurudumu moja liteleze, la pili hubaki limeshika na kuuzuia mkia. Loki ikiwekwa, yote mawili yanateleza kwa pamoja, na tairi linaloteleza kuelekea mbele halina tena nguvu ya kuzuia kuteleza kuelekea pembeni. Mkia unashuka mtaroni taratibu, na dereva hashangai mpaka amechelewa.

Magari mengi hayana loki kamili. Baadhi yana difu yenye sahani za msuguano ndani, ambayo hulipatia gurudumu lenye mshiko mara mbili au tatu ya kile kinachopokelewa na gurudumu dhaifu. Ni msaada wa kweli, isipokuwa mara tatu ya kitu kinachokaribia sifuri bado ni kidogo, na sahani hizo huisha kwa matumizi bila dalili ya wazi. Kwa difu ya namna hii ile mbinu ya zamani ya kuvuta breki ya mkono kidogo huku ukikanyaga mafuta ina maana, kwa kuwa breki hulipatia gurudumu linaloteleza upinzani, na difu huuzidisha upinzani huo kwa upande wa pili. Kwa difu ya kawaida mbinu hiyo ina faida ndogo kuliko inavyosifiwa: breki ya mkono hukamata magurudumu yote mawili sawasawa, hivyo karibu chote unachomwongezea mwenye mshiko unamnyang'anya kwa breki hiyo hiyo. Mfumo wa kielektroniki wa kuzuia utelezi ulio kwenye pikapu mpya hufanya kazi kwa sababu hukamata gurudumu moja tu, lile linaloteleza. Kosa linalofanywa na wenye magari hayo ni kuachia mafuta mara wanaposikia mlio wa breki zikikamata na kuachia. Mfumo unahitaji mguu utulie pale pale kwa sekunde chache ili umalize kazi yake.

Kabla ya kulaumu udongo wala difu, hakikisha kwamba fowili imeingia kweli. Pikapu nyingi za zamani, na Land Cruiser nyingi hadi leo, zina habu za mbele (vifungo vinavyounganisha gurudumu na shafti yake) zinazofungwa kwa mkono. Kuvuta rungu la transfa hakutoshi. Ni lazima kushuka na kugeuza kitufe cha kila gurudumu la mbele hadi LOCK. Nililijua jambo hili kwa gharama. Masika moja nilikuwa natoka Kahe na pikapu ambayo ilikuwa imetoka kufanyiwa huduma kwenye gereji moja mjini, nikakwama mahali ambapo gari hilo lilikuwa limepita mara kadhaa bila tatizo. Habu ya kulia niliifunga, ya kushoto niliiona imegeuzwa LOCK nikaamini. Kumbe ilikuwa imerudishwa vibaya na ndani haikuwa ikishika. Kwa sheria ya difu tuliyoieleza, habu moja iliyo wazi inatosha kuua ekseli nzima ya mbele: difu inapeleka nguvu kwenye shafti isiyoshika kitu, na upande wa pili, ingawa ni mzima, unapata sifuri. Tulichimba kwa saa tatu tukidhani tatizo ni tope. Tangu hapo kila mwanzo wa masika huweka fowili kwenye udongo laini, ninaomba mtu mmoja asimame mbali pembeni na kutazama magurudumu ya mbele wakati gari linaondoka. Kama hayasukumi, nafahamu nikiwa bado karibu na nyumbani. Usilifanye jaribio hilo kwenye lami kavu, kwa sababu fowili ya aina hii haina difu katikati. Ekseli mbili zikilazimishwa kuzunguka sawa kwenye kona ya lami, mkazo hujikusanya kwenye transfa na propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu.

Baada ya hayo, chombo chenye manufaa zaidi ni upepo wa tairi, na ninasema hivi nikijua kuna watu wametumia fedha nyingi kwa winchi na bampa za chuma ilhali hawana hata geji ya kupimia upepo. Kwa makadirio, tairi huikandamiza ardhi kwa shinikizo linalokaribia upepo uliomo ndani yake. Gurudumu linalobeba kilo 600 kwa upepo wa PSI 45 (PSI ni kipimo cha shinikizo la upepo) hugusa ardhi kwa eneo la takriban sentimita za mraba 190, sawa na kiganja na vidole vya mtu mzima. Ukishusha hadi PSI 20, eneo linakuwa zaidi ya maradufu, na nyayo ya tairi inarefuka zaidi kuliko inavyopanuka, jambo ambalo ni zuri, kwa kuwa meno mengi zaidi yanashika bila ukuta wa tope ulio mbele kuongezeka sana. Matairi yenye nyuzi nyingi yana ubavu mgumu, hivyo faida hupungua kidogo, lakini haipotei. Kwenye mbuga, kushusha upepo kabla ya kuingia hufanya kazi ambayo injini ya ukubwa wowote haiwezi. Kwenye tope jembamba lenye sakafu, shusha kidogo tu au acha ulivyo. Chini ya PSI 15 tairi huweza kutoka kwenye rimu unapokata usukani, na pikapu yenye mzigo mzito nyuma haipaswi kushushwa kiasi hicho kabisa. Ukirudi barabarani jaza kwanza, ndipo uongeze mwendo, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo kwenye lami hupata joto na kupasuka.

Kuhusu gia, wengi huchagua namba moja kwenye L kwa kudhani kwamba nguvu kubwa zaidi ndiyo bora. Hesabu ya mwanzo imeonyesha kwamba nguvu hiyo ni ya ziada isiyo na pa kwenda. Tena mzunguko wake ni wa polepole mno, tairi halipati kasi ya kurusha tope lililojaa kwenye meno. Gia namba mbili au tatu kwenye L, kwa mafuta yaliyotulia, huliwezesha gari kuwa na mwendo wa kutosha bila mshtuko. Namba moja inafaa kwa kushuka, ambapo injini hulizuia gari na mguu hauhitaji kugusa breki. Ikumbukwe kwamba fowili husaidia kwenda tu. Kusimama na kukata kona kwenye utelezi ni sawa kwa magari yote, na pikapu nzito inahitaji umbali mrefu zaidi.

Shuka, tembea njia nzima kwa miguu ukiwa na fimbo, na uisukume ardhini kila hatua chache. Fimbo itakuambia kama kuna sakafu. Ukishaingia, usisimame katikati, na gari likianza kupoteza mwendo, tikisa usukani kidogo kushoto na kulia ili mabega ya tairi yapate udongo mpya. Mara linaposimama, ondoa mguu. Sekunde hizo ndizo zinazotenganisha kukwama kwa dakika kumi na kukwama kwa siku nzima, kwa sababu gari ambalo halijachimba linaweza kurudi nyuma juu ya nyayo zake lenyewe, lakini lililochimba hukalia difu, na gari likishalala kwa tumbo, uzito hauko tena kwenye matairi, hata loki zote mbili hazina la kufanya.

Gari likiwa limelala tumbo, kazi ni ya koleo. Chimba mbele ya kila gurudumu kwa mteremko, toa tope lililo chini ya difu, kisha inua gurudumu kwa jeki ndefu, ile ambayo wengine huiita jeki ya Tanganyika, ikiwa juu ya ubao mpana, la sivyo jeki itazama badala ya gari kuinuka. Jaza chini ya tairi mawe au matawi. Milimani mawe yapo kila mahali. Simanjiro unaweza kutembea nusu saa usione hata moja, kwa hiyo mbao mbili za kutoka nyumbani zina thamani yake. Ikiwa kuna gari la kuvuta, kamba ifungwe kwenye chesisi au ndoano iliyofungwa kwenye chesisi, kamwe isifungwe kwenye mpira wa kuvutia trela, kwa kuwa ukikatika huruka kama risasi na umeshaua watu. Mnyororo ukivutwa kwa kushtua nao hukatika vivyo hivyo. Vijana wa kijijini wanaojitokeza kusaidia wasukume wakiwa pembeni, na mtu yeyote asiwe karibu na kamba inapokazwa.

Baada ya safari, tope linaendelea na kazi yake kimyakimya. Lililoingia kwenye breki za ngoma hula vitambaa kama msasa, na lililokauka kwenye rejeta hupandisha joto la injini siku ya kwanza ya kupanda mlima. Baya zaidi ni maji kwenye difu. Ekseli iliyopata joto ikiingia ghafla kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani hunywea na kunyonya maji kupitia kitundu cha kupumulia kilicho juu yake, hasa kama mpira wake umekatika. Fungua boliti ya kujazia ya difu zote mbili na ya transfa, chovya kidole. Mafuta yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, yamwage siku hiyo hiyo, weka mapya, na umwombe fundi arefushe mpira wa kitundu hicho mpaka juu ya chesisi.